Peugeot 504 yenye injini iliyochoka: mtumba, spea mpya, kukereza au kubadili injini?

Mwenye Peugeot 504 hapungukiwi washauri. Akisimama gereji boneti ikiwa wazi, mmoja atamwambia akatafute injini ya Peugeot 505 iliyolala uani kwa mtu. Wa pili atamwambia aagize vitu Ufaransa. Wa tatu anamjua mkereza mmoja Gerezani, Dar es Salaam, au Industrial Area, Nairobi, ambaye hashindwi na chuma. Wa nne atamwambia aweke injini ya Toyota alale usingizi. Kila mmoja ana gari alilolitengeneza hivyo na linatembea hadi leo, ndiyo maana mwenye gari anabaki njia panda.

Nimechukua 504 kwa sababu ni gari la kwetu. Ilitoka mwaka 1968, ikawa Gari Bora la Mwaka Ulaya 1969, na kwa miaka mingi iliunganishwa Mombasa. Ilishinda Safari Rally mwaka 1975 ikiendeshwa na Ove Andersson na mwaka 1978 ikiendeshwa na Jean-Pierre Nicolas. Mtangulizi wake, 404, alikuwa ameshinda mara nne: 1963, 1966, 1967 na 1968, na ushindi wa 1966 na 1967 ulikuwa wa Bert Shankland aliyekuwa akiishi Dar es Salaam. Wazee wengi walisafiri mikoani ndani ya 504 ya stesheni abiria wakiwa wamebanana kwenye safu tatu za viti. Gari kama hili lina haki ya kutengenezwa kwa akili.

Kuna sababu ya kiufundi pia. Injini za petroli za 504, yaani XM7 ya cc 1796 na XN1 ya cc 1971, zina laina za maji. Silinda hazikuchongwa ndani ya bloki. Ni mabomba ya chuma yanayochomekwa, na maji ya kupoozea yanayagusa kwa nje. Laina ikiisha unaitoa, unaweka nyingine. Mwenye gari ambalo silinda zake zimechongwa moja kwa moja kwenye bloki hana nafasi hiyo. Yeye lazima apeleke bloki mashineni. Kwa hiyo ushauri wa jirani mwenye Land Rover ya zamani unaweza kuwa sahihi kwake na usikufae wewe.

Kwanza jua kilichochakaa

Watu wengi hununua kabla ya kupima, na hapo ndipo pesa inapopotelea. Pasha injini moto, ng'oa plagi zote nne, zima umeme wa koili, kanyaga mafuta hadi mwisho na upime mgandamizo wa kila silinda huku mwenzako akipiga stata. Andika namba zote nne. Kwenye silinda yenye namba ndogo mimina kijiko cha oili kupitia tundu la plagi, kisha pima tena. Namba ikipanda sana, upepo ulikuwa unapita kwenye ringi na laina. Ikibaki palepale, unapita kwenye valvu au kwenye gasketi ya hedi. Silinda mbili zinazopakana zikiwa chini kwa pamoja, shuku gasketi imeungua katikati yake.

Moshi wa bluu unaotoka kidogo asubuhi ukiwasha na kisha kuisha, mara nyingi ni bushi za valvu zilizolegea. Moshi wa bluu unaokufuata mlima wote ni ringi. Kugonga kunakoongezeka injini inapobeba mzigo ni beringi za konrodi, ile mikono inayounganisha pistoni na krenki. Mngurumo mzito wa chini pamoja na geji ya oili kushuka gari likipata moto huelekea kwenye beringi kuu za krenki. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa ni maji yaliyoingia, na kwenye 504 maji yana njia mbili za kuingia: gasketi ya hedi kwa juu, au mpira wa laina kwa chini.

Angalia pia feni. Feni ya 504 hunaswa kwa sumaku ya umeme: imekaa mbele ya pampu ya maji lakini huzunguka nayo pale tu swichi ya joto inapoiamuru. Brashi yake ikiisha au waya ukikatika, feni inalala, na kwenye foleni hedi ya alumini inapikwa. Nimeona hedi nzuri zikiskimiwa (kusawazishwa uso mashineni) na kufungwa gasketi mpya, kisha zikaungua tena, kwa sababu hakuna aliyekumbuka waya mmoja wa feni.

Vigezo vya kulinganisha

Njia zote nne nitazipima kwa vigezo vile vile. Upatikanaji: je, kitu kipo, na ukikikosa leo utakipata kesho? Gharama kamili: si bei ya dukani tu, bali usafiri, ushuru, kazi ya mashine na gasketi utakazozifungua upya ikibidi kurudia. Uhakika wa vipimo: kitakaa kama kiwanda kilivyotaka, na nani anaweza kukuthibitishia? Muda, kwa sababu gari la harusi za Jumamosi lina subira yake na gari la kwenda kazini lina yake. Mwisho ni uhalisi: gari litabaki 504 kwa kiasi gani, kwa ajili ya thamani yake, kadi yake na moyo wa mwenyewe.

Njia ya kwanza: spea za mtumba

*Upatikanaji.* Hapa 504 imebarikiwa. Ziliuzwa nyingi, zikafa polepole, na nyingine bado zimesimama nyuma ya nyumba na kwenye yadi za mashirika. Nairobi unaanzia Kirinyaga Road, ambayo wengi bado wanaiita Grogan; Dar es Salaam ni Gerezani na Kariakoo; Kampala ni Kisekka. Lakini maduka hayo siku hizi yamejaa vitu vya Toyota, kwa hiyo 504 inapatikana zaidi kwa kuulizia: fundi mzee, dereva mstaafu, mtu wa vyuma chakavu. 505 zenye kabureta na injini ya cc 1971 ni za ukoo huohuo wa XN, hivyo nazo ni shamba la kuvuna. Soma herufi na namba zilizopigwa kwenye bloki kabla ya kutoa hela, kwa sababu laina ya XM7 ina kipenyo cha milimita 84 na ya XN1 milimita 88, na 504 za sindano, zisizotumia kabureta, zina tofauti zake.

*Gharama.* Bei ya kuanzia ni ya chini kuliko zote. Gharama halisi inategemea kitakachobainika ukifungua.

*Vipimo.* Kuna vitu vinavyostahili kununuliwa vikiwa vimetumika: bloki, hedi, krenki, konrodi, flaiwili, manifoldi, mifuniko, roka za valvu. Hivi ni vyuma vikubwa vilivyotengenezwa vizuri na vinapimika. Kuna vitu ambavyo sivinunui vikiwa vimetumika hata nikipewa kwa bei ya maji: ringi, beringi, gasketi, cheni ya taimingi, mipira yote. Vimekwisha kukaa na chuma kingine na vimechukua umbo la huko.

Ukienda kutazama hedi beba tochi, rula ya chuma iliyonyooka na filageji (mabamba membamba ya kupimia nafasi). Futa uso wa hedi, laza rula kwa urefu, kwa upana na kwa kukatiza pembe hadi pembe, kisha jaribu kupenyeza bamba jembamba la filageji chini yake. Halafu geukia matundu ya maji. Magari mengi yetu yalijazwa maji ya bomba miaka na miaka bila kulanti, ile dawa ya maji ya rejeta inayozuia kutu, na alumini ikaliwa. Tundu la maji lililokula hadi kukaribia duara la gasketi ni hedi ya kuchomelewa, hata muuzaji aseme nini. Kwenye bloki piga tochi ndani chini kabisa, kwenye ukingo ambapo laina hukalia. Ukingo ule ukiwa umeoza kwa kutu, laina mpya haitakaa wima na maji yatashuka kwenye sampu, bakuli la oili lililo chini ya injini. Kwa maoni yangu hicho ndicho kipimo cha kwanza cha bloki ya 504, kabla ya kitu kingine chochote.

Hakikisha vifuniko vya beringi kuu ni vya bloki hiyohiyo, maana vilichongwa pamoja nayo, na kila kofia ya konrodi ina namba inayolingana na konrodi yake. Vikichanganywa havirudi.

*Muda.* Unaweza kupata leo, unaweza kuzunguka miezi. Huwezi kupanga.

*Uhalisi.* Kamili, kwa sababu ni kitu cha Peugeot chenyewe. Omba risiti na jina la muuzaji, hasa kwa injini yenye namba; spea isiyo na historia inaweza kuwa ya gari la mtu aliyeibiwa.

*Inamfaa nani.* Mwenye muda wa kuulizia, anayejua kupima au ana fundi anayejua, na anayehitaji chuma kikubwa kilichovunjika au kupasuka.

Njia ya pili: spea mpya za kuagiza

*Upatikanaji.* 504 iliendelea kutengenezwa muda mrefu baada ya Ufaransa kusimamisha saluni mwaka 1983: pikapu zake ziliendelea huko hadi 1993, na Argentina ilitengeneza 504 hadi 1999, mbali na Nigeria na Kenya. Ndiyo maana bado kuna viwanda vinavyotoa pistoni, laina, ringi, beringi na gasketi. Wauzaji wapo Ufaransa, Ujerumani na Uholanzi, na L'Aventure Peugeot Citroën DS, taasisi inayotunza urithi wa kampuni, nayo inauza spea za magari ya zamani. Usisahau masanduku ya kale yaliyobaki kwenye stoo za mawakala na maduka ya hapa nyumbani. Mara nyingine seti ya ringi ya kampuni ya Goetze iliyokaa kwenye rafu tangu miaka ya 1980, ikiwa haijafunguliwa wala kushika kutu, ni bora kuliko iliyotoka jana. Gasketi na mipira ya umri huo achana nayo, imekauka.

*Gharama.* Bei ya kwenye tovuti ni mwanzo tu. Ongeza usafirishaji, na laina nne na pistoni zake ni mzigo mzito. Ongeza ushuru wa forodha. Ongeza VAT, ambayo ni asilimia 18 Tanzania na 16 Kenya. Watu wawili au watatu wenye 504 wakiagiza pamoja, mzigo unagawanyika vizuri.

*Vipimo.* Hapa ndipo njia hii inapozishinda nyingine kwa vitu vinavyosuguana. Seti ya laina na pistoni huja ikiwa imepatanishwa kiwandani, kila pistoni na laina yake, na zina alama. Usizichanganye mezani. Lakini kitu kipya hakijifungi chenyewe. Laina ya maji inatakiwa ichomoze juu ya uso wa bloki kidogo sana, sehemu za mia za milimita, ili gasketi ya hedi iibane. Kinachoamua ni mpira au gasketi ndogo iliyo chini ya laina, na hizo huuzwa zenye unene tofauti. Fundi anaweka laina, anaibana, anapima kwa saa ya kupimia au kwa rula na filageji, anabadilisha gasketi ya chini hadi zote nne zilingane ndani ya kiwango cha kitabu. Laina moja ikiwa chini kuliko jirani yake, gasketi ya hedi itaungulia hapo.

Kuna jambo ambalo fundi aliyezoea injini za Kijapani huweza kulisahau. Hedi ikishatolewa, usizungushe krenki hata nusu mzunguko kabla ya kubana laina kwa boliti na washa kubwa. Pistoni ikipanda huinua laina, gasketi ya chini inaachia, na injini iliyokuja kwa ajili ya hedi inaondoka na maji kwenye oili. Mwambie fundi mapema, kwa heshima: "Fundi, laina tumezibana?" Fundi mzuri hatakasirika.

Feki zipo. Ringi isiyo na alama ya upande wa juu, beringi isiyo na saizi iliyopigwa mgongoni, gasketi ya hedi yenye matundu yasiyolingana na ya bloki: hivyo virudishe.

*Muda.* Unajulikana kwa kiasi, ukiacha forodha. Agiza ukiwa umeshafungua na kupima injini, si kabla.

*Uhalisi.* Mzuri sana. Gari linabaki lilivyo.

*Inamfaa nani.* Mwenye laina, ringi na beringi zilizokwisha lakini bloki, krenki na hedi bado zima au zinarekebishika, na ambaye anataka kufunga mara moja kwa muda mrefu.

Njia ya tatu: kukereza na kurudishia hapa hapa

*Upatikanaji.* Karibu kila mji mkubwa una karakana ya injini: mashine ya kusaga krenki, ya kuskimu hedi, ya kukata siti za valvu, na mkereza mwenye kerezo na chuma cha kila aina. Huu ni utajiri ambao wenye magari ya zamani huko Ulaya wanautafuta kwa tochi. Bushi za valvu za shaba nyeusi, pini, bushi za konrodi, shafti ya pampu ya maji, hata boliti isiyouzwa popote, vyote vinakerezeka.

*Gharama.* Ya kati, na ni pesa inayobaki nyumbani. Inapanda pale kazi inaporudiwa.

*Vipimo.* Nitakaa hapa kidogo, maana karakana moja inaweza kukuokoa na nyingine ikakumalizia chuma ambacho hakitengenezwi tena.

Krenki kwanza. Kila shingo ya krenki hupimwa kwa maikromita mahali pawili kwa urefu, na kila mahali kwa pande mbili zinazokatizana. Hapo unajua kama imekuwa yai au imeliwa upande mmoja. Ikipita kiwango, inasagwa hadi saizi ya chini, kama 0.30 au 0.50 mm, na beringi nene zaidi zinajaza pengo. Nunua beringi kwanza, krenki isagwe baadaye. Krenki iliyosagwa hadi 0.50 kisha ikakosa beringi za 0.50 ni chuma cha kupambia ukuta. Mpelekee mkereza beringi zenyewe mkononi, azifunge kwenye konrodi, apime tundu, ndipo asage shingo kulingana na hilo tundu. Ukifika kuchukua kazi tazama mambo mawili kwa macho yako: kona ya shingo, pale inapokutana na ukuta wake, lazima iwe na mviringo laini, kwani kona kali ndipo krenki hukatikia, na midomo ya matundu ya oili lazima iwe imelainishwa na matundu yenyewe yameoshwa hadi upepo wa kompresa utoke upande wa pili. Vumbi la jiwe la kusagia likibaki humo, beringi mpya hazimalizi mwezi. Krenki iliyojazwa kwa kuchomelewa ndipo ikasagwa, mimi naiona kama njia ya mwisho kabisa, kwa sababu joto la kuchomelea hupinda na kupasua.

Hedi ya alumini inahitaji heshima. Kabla ya kuskimiwa ipimwe kwa shinikizo: matundu yake ya maji yanazibwa, inapigwa upepo, inazamishwa kwenye maji ya moto, na mapovu yanasema palipopasuka. Skimu iondoe kidogo iwezekanavyo, maana kila skimu hupandisha mgandamizo na kusogeza valvu karibu na pistoni, na kitabu cha injini kina urefu wa mwisho wa hedi ambao haupaswi kuvukwa. Palipoliwa na maji panajazwa kwa kuchomelea kwa argoni, kisha panachongwa. Hedi iliyochemka vibaya sana inaweza kuwa laini. Ncha ya chuma ikiacha alama kirahisi, hiyo haitashika gasketi hata ikinyooshwa vipi.

Siti za valvu zina habari yake. Risasi iliyokuwa kwenye petroli ya zamani ililinda siti zisiliwe na valvu. Nchi zetu, pamoja na sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara, ziliiondoa kufikia mwanzo wa 2006, na Algeria ikawa ya mwisho duniani mwaka 2021. Ilikuwa hatua njema kwa damu za watoto wetu. Kwa injini ya zamani dalili ya siti kuliwa ni tapeti zinazobana kila ukizipima, kwa sababu valvu inazama. Kwa kuwa hedi ya 504 ni ya alumini, siti zake ni pete zilizopandikizwa, hivyo karakana inaweza kuzing'oa na kupandikiza ngumu zaidi. Ukiwa umefungua hedi kwa sababu nyingine yoyote, ifanye kazi hii papo hapo.

Kitu ambacho sipendekezi kukerezwa ni ringi. Kukata ringi ya gari jingine ili iingie kwenye 504 hufanyika, na moshi hurudi.

*Muda.* Siku chache hadi wiki kadhaa, kutegemea foleni ya karakana. Ukiweza, kaa hapo kazi inapopimwa.

*Uhalisi.* Mzuri. Krenki ni ileile, bloki ni ileile, namba ni ileile.

*Inamfaa nani.* Mwenye krenki, hedi au kitu cha pembeni kilichochakaa lakini hakijapasuka, anayeishi karibu na karakana yenye maikromita inayotumika kweli. Uliza kipimo kiandikwe kwenye karatasi. Karakana inayosita kuandika namba, hamia nyingine.

Njia ya nne: kubadili injini

*Upatikanaji.* Injini za Toyota na Nissan kutoka Japani zipo kila kona, na spea zake ni kama chumvi. Ndani ya nyumba ya Peugeot yenyewe ipo dizeli ya XD2 ya cc 2304, ambayo kiwanda kiliifunga kwenye 504.

*Gharama.* Injini yenyewe ni ya bei rahisi. Kinachokula pesa ni kuiunganisha. 504 ya saluni haina propela shafti iliyo wazi kama Toyota. Shafti imo ndani ya bomba linalounganisha giaboksi na difu, na bomba hilo ndilo linaloshikilia difu mahali pake. Ukibaki na giaboksi ya Peugeot, unahitaji bamba la kuunganisha lililokerezwa kwa usahihi ili injini na giaboksi zikae kwenye mstari mmoja. Ukibadili na giaboksi, lazima utengeneze njia mpya ya kuishikilia difu. Pia injini ya petroli ya 504 imelazwa upande, kwa hiyo injini iliyosimama wima inadai nafasi ya boneti, manifoldi na mikono mipya ya kuishika. Wenye XD2 wanapona mengi ya haya.

*Vipimo.* Injini yenyewe utapata ya uhakika. Kiungo kinategemea mkono wa aliyekichonga.

*Muda.* Mrefu kuliko wengi wanavyoahidiwa.

*Uhalisi.* Hapa ndipo inapopoteza. Kwenye Africa Concours d'Elegance ya Nairobi, mashindano ya magari yaliyotunzwa vizuri yaliyoanza mwaka 1970, majaji hutazama boneti ikiwa wazi. Na namba ya injini iko kwenye kadi ya gari Tanzania na kwenye logbook Kenya. Ibadilishwe kwa mamlaka husika, TRA kwa Tanzania au NTSA kwa Kenya, la sivyo utakwama siku ya kuuza au ya ukaguzi. Weka injini ya zamani stoo, imepakwa oili na kufunikwa, hata ikiwa imekufa.

*Inamfaa nani.* Anayeitumia 504 kama gari la kazi kila siku, bloki yake imepasuka kabisa, na hashindani popote.

Kwa hali yako

Mgandamizo uko chini, kijiko cha oili kimeupandisha, krenki haigongi: agiza seti ya laina na pistoni, beringi mpya na gasketi zote, na utumie pesa iliyobaki kwa fundi anayejua kupima uchomozi wa laina. Hedi iende karakana kwa ukaguzi wakati huohuo.

Injini inagonga na geji ya oili inalala: fungua, pima shingo za krenki, tafuta ni saizi gani ya beringi inayopatikana kweli, ndipo krenki isagwe. Kama zilishasagwa hadi mwisho, tafuta krenki ya mtumba ya 504 au 505, uipime kabla ya kulipa.

Hedi imeungua lakini chini pako sawa: bana laina, usizungushe krenki, peleka hedi kwenye shinikizo, badilisha siti, na urekebishe feni, rejeta na termostati kabla ya kuwasha. Hedi ikionekana laini au imeliwa hadi kwenye duara la gasketi, mtumba mzuri utakugharimu kidogo kuliko kuchomelea mara mbili.

Bloki imeoza pale laina inapokalia: jaribu kwanza bloki ya mtumba ya ukoo huohuo. Ukikosa kwa muda mrefu na gari ni la kukuletea riziki, fikiria XD2 kabla ya injini ya kampuni nyingine.

Gari ni la familia, la kumbukumbu ya mzee, halina haraka: changanya njia tatu za mwanzo. Chuma kikubwa kiwe cha asili kilichopimwa, kinachosuguana kiwe kipya, kisichouzwa kikerezwe. Anza kukusanya gasketi na beringi sasa hivi, kabla injini haijagoma, na andika saizi za kila kitu kwenye daftari moja linalokaa ndani ya gari pamoja na karatasi za karakana, ili fundi atakayelifungua baada yako akute krenki ilisagwa hadi wapi na laina zilipimwa ngapi.